Salzburg Hutembelewa kwa Saa

Kengele za Salzburg, mji wa Austria, hulia mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa tano, na saa kumi na mbili jioni. Ziko 35, juu ya mnara wa jumba la Neue Residenz, na zilisubuliwa Antwerp mwishoni mwa karne ya 17. Hakuna mtu anayezipiga. Pipa kubwa la shaba lenye maelfu ya matundu huzunguka polepole, na vijiti vilivyochomekwa kwenye matundu hayo ndivyo vinavyoamsha nyundo, moja baada ya nyingine. Ukisimama kwenye uwanja wa Mozartplatz saa tano utazisikia ukiwa umebanwa na makundi matatu ya watalii na viongozi wao wanaopokezana kelele. Ukisimama palepale saa moja asubuhi, ni wewe, wafagiaji na gari la mkate.

Hilo ndilo somo la kwanza la mji huu, na mengine yote yanalifuata. Salzburg ni ndogo. Mji mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, unaukata kwa miguu kwa robo saa. Umbali si tatizo, tatizo ni saa. Mabasi ya watalii na treni za kutoka Munich huanza kumwaga watu kama saa nne, na huwazoa tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Kati ya hapo barabara ya Getreidegasse hujaa hadi unatembea kwa mwendo wa aliye mbele yako. Kwa hiyo anayekuja asubuhi na kuondoka jioni ameuona mji katika saa zake mbaya kuliko zote. Lala usiku mmoja, na ukiweza lala miwili.

Kufika ni rahisi, ila kuna mitego. Kutoka Vienna treni ya mwendo wa kasi huchukua chini kidogo ya saa mbili na nusu. Njia hiyo ina kampuni mbili, ÖBB na Westbahn, na tiketi ya moja usidhani itakupeleka kwa nyingine. Watu hununua kwa simu, wakapanda treni ya kwanza waliyoiona, wakalazimika kulipa upya ndani. Kutoka Munich ipo tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria, Bayern-Ticket, inayofika hadi stesheni kuu ya Salzburg, na kundi la watu hadi 5 linaweza kuitumia pamoja. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, na ni kwa treni za mkoa tu. Ukipanda nayo treni ya kasi, kondakta atakuhesabu kama uliyepanda bila tiketi. Jambo jingine: baadhi ya treni hizo za mkoa hukatwa mbili zikifika Rosenheim, nusu ikaenda Kufstein na nusu Salzburg. Soma ubao ulio kwenye behewa lenyewe, usitegemee ule wa jukwaani peke yake.

Na pasipoti. Viza ya Schengen ni moja kwa Austria na Ujerumani, lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpakani tangu mwaka 2015, na polisi hupanda treni Freilassing, kituo cha kwanza upande wa pili wa mto. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda aliyeiacha hotelini Munich akidhani anakwenda matembezi ya siku moja tu hujiletea saa za maelezo. Beba yenyewe, picha iliyo kwenye simu haitoshi.

Ndani ya mji kuna mabasi yanayochukua umeme kwenye nyaya za juu, yaliyoanza mwaka 1940. Namba 2 inaunganisha stesheni kuu na uwanja wa ndege. Basi la kawaida namba 25 ndilo la kukumbuka zaidi, kwa sababu linapita mji mkongwe, likaenda kasri la Hellbrunn na kuishia chini ya mlima Untersberg. Tiketi inunue kabla hujapanda, kwenye mashine au kwenye kiduka cha magazeti na sigara kinachoitwa Trafik, na kama haina muhuri wa saa, ipige muhuri mara tu unapoingia. Kuna kadi ya mgeni, Salzburg Card, ya saa 24, 48 au 72, inayolipia usafiri huo, makumbusho, ngome ya Hohensalzburg iliyo juu ya mji na hata gari la kamba la Untersberg. Inalipa kwa anayetaka kuona mambo matatu au manne kwa siku. Kwa anayetaka kukaa, kusikiliza na kutembea, mara nyingi ni hasara. Uliza kwanza pale unapolala kama wageni hupewa tiketi ya usafiri, usije ukanunua kitu mara mbili.

Siku ya kwanza mimi humwambia mgeni apande juu kabla ya kuingia popote. Mji umebanwa kati ya mto Salzach na vilima, na usipouona kutoka juu hutaelewa kwa nini nyumba zimesukumana hivyo. Vilima vya kupanda ni viwili, na kila kimoja kina saa yake. Kapuzinerberg uko upande wa mashariki wa mto. Ngazi zake zinaanzia Linzer Gasse, nyingine Steingasse, na asubuhi jua likiwa mgongoni mwako linamulika ngome usoni. Mönchsberg uko magharibi. Huo ni wa alasiri hadi machweo. Kuna lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba kule Anton-Neumayr-Platz, inakuinua mita 60 hadi kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa, na uwanja ulio mbele yake hauna kiingilio. Ukigeuza saa hizo, jua litakupiga machoni na ngome itabaki kivuli cheusi kwenye picha.

Kutoka kwenye lifti kuna njia ya msituni, karibu nusu saa ya mwendo wa taratibu, inayopita juu ya mapaa hadi ngomeni. Kabla ya kuifuata, simama chini Gstättengasse ukautazame mwamba wenyewe. Si jabali moja. Ni kokoto zilizogandamana kwa maelfu ya miaka, na maji yakipenya na kuganda wakati wa baridi, vipande hulegea. Mwaka 1669, mwezi wa Julai, kipande kikubwa kiliangukia nyumba zilizokuwa chini yake, na watu zaidi ya 220 wakafa, wakiwamo waliokimbilia kuokoa wenzao mwamba ulipoanguka mara ya pili. Tangu karne ya 18 mji una mafundi wake wa kusafisha mwamba, na kazi hiyo ingalipo. Hushuka kwa kamba na nyundo, wakiugonga mwamba kidogo kidogo huku wametega sikio. Sauti ikiwa kavu, wanasogea. Ikiwa na mwangwi wa uwazi, pana ufa nyuma, na kipande kile hung'olewa kabla hakijang'oka chenyewe. Ukiwakuta, wape dakika kumi. Katika mji unaosifiwa kwa masikio ya wanamuziki, hawa nao wanaishi kwa masikio.

Ngome ya Hohensalzburg ilianza kujengwa mwaka 1077. Kuna behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma tangu 1892, safari ya kama dakika moja, na foleni yake kati ya saa tano na saa nane mchana inaweza kuwa ndefu kuliko muda wa kupanda kwa miguu. Kwa miguu, kutoka uwanja wa Kapitelplatz kupitia Festungsgasse, ni dakika 15 hadi 20 za mwinuko mkali. Mawe ya njia hiyo yamesuguliwa na karne nyingi za viatu, na yakilowa huteleza, hasa wakati wa kushuka. Viatu vya soli laini ya ngozi viache. Zingatia pia kwamba kupanda kwa miguu hakukuondolei kiingilio, unalipa langoni. Vyumba vya wakuu, vyenye dari ya buluu yenye vifungo vya dhahabu, huwa na tiketi ya juu zaidi, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo vinavyostahili hela. Ukiwa ndani tafuta alama ya zao la mizizi linalofanana na figili nene. Ilikuwa nembo ya Askofu Mkuu Leonhard von Keutschach, aliyeipanua ngome miaka ya 1500, na imechongwa humo zaidi ya mara 50. Watoto hupenda kuzihesabu.

Huyohuyo Keutschach alisimamisha, mwaka 1502, kinanda cha mabomba ambacho watu wa mji hukiita Dume la Ng'ombe. Kina sababu ya kuitwa hivyo: hufungua na kufunga kwa mkoromo mmoja wa sauti nyingi pamoja unaoshuka mjini kama mnyama anayeamka. Kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa Oktoba, kengele 35 zikinyamaza, Dume hujibu kutoka juu. Katikati, kabla ya mkoromo wa mwisho, hutoka wimbo. Leopold Mozart, baba yake mtunzi mashuhuri Wolfgang Mozart, na Johann Ernst Eberlin walikitungia vipande, kila mwezi na kipande chake. Pa kusikilizia si ngomeni, huko utasikia mabomba tu. Simama Kapitelplatz, kengele ziko upande mmoja na Dume juu yako, usikie mazungumzo yote.

Nyumba za Mozart ni mbili, na wengi hawajui hivyo mpaka wamekwisha lipia moja. Ya njano iliyoko Getreidegasse 9 ndiyo alimozaliwa tarehe 27 Januari 1756, ghorofa ya tatu; familia ilikaa pale tangu 1747 hadi 1773. Ya pili iko Makartplatz, ng'ambo ya mto, walikohamia mwaka 1773. Bomu liliibomoa sehemu kubwa Oktoba 1944, na ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1996. Kuna tiketi ya pamoja. Ile ya kuzaliwa ina fidla yake ya utotoni, ndogo hadi unashangaa mtoto aliishikaje, lakini ngazi zake ni nyembamba na saa sita mchana hewa inakuwa nzito. Nenda mlango unapofunguliwa, au saa moja kabla ya kufungwa. Ile ya Makartplatz ina nafasi na utulivu, na inaeleza zaidi jinsi kazi ilivyofanyika: baba mwalimu, dada Nannerl aliyekuwa mpiga kinanda hodari, safari, barua. Kama mguu unaruhusu nyumba moja tu na umekuja kwa ajili ya muziki, chagua hiyo.

Jambo moja viongozi wengi hulipita: Mozart hakuzaliwa raia wa Austria tuijuayo. Salzburg ilikuwa dola ndogo ya maaskofu wakuu hadi 1803, na iliingia Austria moja kwa moja mwaka 1816. Utajiri wao ulitoka kwenye chumvi, iliyochimbwa milima ya Hallein na kusafirishwa kwa mashua kwenye mto Salzach; jina la mji lenyewe maana yake ni ngome ya chumvi. Askofu Mkuu Wolf Dietrich von Raitenau, aliyemjengea kipenzi chake Salome Alt kasri ambalo leo ni Mirabell mwaka 1606, aligombana na Bavaria kwa ajili ya chumvi hiyohiyo, akaishia mfungwa ndani ya ngome yake mwenyewe hadi kufa mwaka 1617. Bustani ya Mirabell haina kiingilio. Ipite mapema, kabla wapenzi wa The Sound of Music, ile filamu ya mwaka 1965 kuhusu familia ya von Trapp, hawajazijaza ngazi zake wakiimba.

Sasa muziki wenyewe. Mgeni hufikishwa haraka kwenye matamasha ya jioni ngomeni, Mirabell au kwenye chakula cha usiku na waimbaji waliovaa mawigi. Si mabaya. Ila viti mara nyingi havina namba ndani ya daraja ulilolipia, kwa hiyo anayefika dakika tano kabla hukaa nyuma ya nguzo kwa bei ileile ya aliyefika nusu saa kabla. Tamasha kuu la kiangazi, lililoanza Agosti 1920 kwa igizo mbele ya kanisa kuu, hudumu kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti. Tiketi zake nzuri huagizwa miezi mingi kabla, na hoteli hupandisha bei. Asiye na tiketi asikate tamaa: jioni za msimu huo skrini kubwa huwekwa Kapitelplatz na maonyesho yaliyorekodiwa huonyeshwa bure. Chukua koti, maana usiku wa Alps hata Agosti unauma.

Njia mbili za kusikia muziki bora kwa bei ndogo au bila bei hazitangazwi sana. Ya kwanza ni chuo kikuu cha muziki cha Mozarteum, jirani na bustani ya Mirabell. Wanafunzi wake, waliotoka kila pembe ya dunia, hupiga mbele ya watu karibu kila juma wakati wa masomo. Kwenye ubao tafuta neno Klassenabend, jioni ya darasa la mwalimu fulani, na chini yake Eintritt frei, yaani kuingia bure.

Ya pili ni misa ya Jumapili saa nne asubuhi katika kanisa kuu. Siku nyingi hupigwa misa nzima ya Mozart, Haydn au mwingine, kwa kwaya, waimbaji wa peke yao na okestra, mahali penyewe ilipokusudiwa. Mozart alibatizwa humo siku moja baada ya kuzaliwa, na beseni la ubatizo la shaba bado lipo kushoto unapoingia. Kanisa hili lilitabarukiwa mwaka 1628. Kuba lake lilipigwa bomu Oktoba 1944 na likamalizwa kutengenezwa 1959, ndiyo maana milango yake ina miaka mitatu juu: 774, 1628, 1959. Siku za kawaida mtalii huombwa mchango wa kuingia, lakini anayekuja kusali haombwi.

Fika saa tatu na nusu. Usikae nyuma kabisa: kuba hurudisha sauti, na nyuma kila neno jipya la waimbaji linakukuta mwangwi wa lile lililopita bado haujaisha. Safu za katikati, hatua chache kabla ya kuba, ndizo nzuri. Tazama nguzo nne zinazobeba kuba, kila moja ina roshani na kinanda chake. Watunzi wa mji huu waliandika wakijua kwamba waimbaji na wapigaji wanaweza kugawanywa juu ya roshani hizo, wakaitana na kuitikiana juu ya vichwa vya waumini. Utaona pia kwamba muziki hauchukui muda mrefu. Askofu Mkuu Colloredo, mwajiri wa Mozart, alitaka misa nzima isizidi robo tatu ya saa, na barua ya Mozart ya mwaka 1776 kwa mwalimu wake wa Bologna, Padre Martini, inalalamikia jambo hilo. Ndiyo maana maneno ya Kanuni ya Imani yanakimbia hivyo katika misa zake fupi. Msikilizaji aliyezoea kwaya zetu zinazorudia kiitikio mara nne anaweza kudhani wana haraka. Walikuwa nayo kweli, kwa amri. Ni ibada, siyo onyesho: hakuna kupiga picha, hakuna kuzunguka, na makofi yasubiri mpaka padre ameondoka.

Pembeni yake iko abasia ya Mtakatifu Petro, ya Wabenedikto, iliyoanzishwa na Mtakatifu Rupert mwaka 696. Wasomaji wa Songea na Mtwara wanaoijua Peramiho au Ndanda wataitambua kanuni ileile ya sala na kazi. Makaburi yake yako chini ya mwamba, Nannerl amezikwa hapo, na kwenye kona kuna tanuri la mkate linalowashwa kuni, na gurudumu la maji linalozunguka mlangoni. Maji hayo yanapita chini ya Mönchsberg kwenye handaki lililochimbwa kwa mkono kati ya 1137 na 1143. Kila Septemba mfereji hukaushwa ili usafishwe, na ndio wakati pekee watu huongozwa ndani ya handaki. Nafasi ni chache na huwekwa mapema. Mvae mabuti ya mpira.

Mvua usiipangie siku, ipangie nguo. Mawingu yakitoka kaskazini-magharibi hugota kwenye ukuta wa Alps na kukaa hapo, wakati mwingine siku tatu mfululizo, yakimwaga manyunyu membamba ambayo wenyeji huyaita mvua ya nyuzi. Julai ni kati ya miezi yenye mvua nyingi zaidi. Mwavuli ndani ya Getreidegasse ni kero kwako na kwa jicho la jirani, kwa hiyo koti lenye kofia ndilo jawabu. Jua pia vichochoro vilivyopita katikati ya nyumba, kutoka Getreidegasse hadi soko la Universitätsplatz. Unavuka mtaa mzima bila kulowa. Siku ya mvua si ya Untersberg. Gari la kamba hufika mita 1,776, juu ukakuta ukungu mweupe tu, na upepo ukizidi husimamishwa. Ila ni siku nzuri ya Hellbrunn, ambako utalowa tu: Askofu Mkuu Markus Sittikus alijenga chemchemi za mzaha zinazorusha maji kutoka vitini, ukutani na kwenye pembe za vichwa vya kulungu. Kwenye meza ya mawe, kiti kimoja tu hakina tundu, chake. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia. Chemchemi hufungwa majira ya baridi.

Kuhusu chakula, wasiokula nguruwe wajue kwamba soseji maarufu ya mtaani, Bosna, kwa kawaida ni ya nguruwe, licha ya jina lake. Kitindamlo cha Salzburger Nockerl ni milima mitatu ya povu la mayai. Huokwa baada ya kuagizwa, subiri kama nusu saa, kinatosha watu wawili au watatu, na kikiguswa na hewa baridi huanza kunywea. Kwa hiyo vijiko viwe tayari, picha baadaye. Na Jumapili maduka hufungwa. Nunua maji na matunda Jumamosi, ingawa maji ya bomba ni safi na yanatoka milimani.

Zawadi ya kurudi nayo nyumbani ni Mozartkugel. Ya asili ilibuniwa na Paul Fürst mwaka 1890: tonge la lozi na pistachio, limezungushiwa nougat, likachomekwa kijiti na kuchovywa kwenye chokoleti. Bado hutengenezwa kwa mkono na karatasi yake ni ya fedha yenye rangi ya buluu. Za karatasi nyekundu na dhahabu zilizojaa uwanja wa ndege ni za kiwandani. Chokoleti hiyo haipendi joto. Ukienda nazo Dar es Salaam au Mombasa, nunua siku ya kuondoka, zifunge katikati ya nguo kwenye mzigo wa mkononi, na zikifika tu ziingie sehemu ya chini ya friji ndani ya kopo lililofungwa, zisinyonye harufu ya samaki.